Kisigino kinauma? Viatu na soli za ndani, kwa anayekwenda kununua soko la Darajani, Unguja

Ukishuka kitandani alfajiri na hatua ya kwanza ikakuchoma kisiginoni kama umekanyaga mwiba, kisha ukitembea kidogo maumivu yakapoa, mara nyingi kinacholalamika ni ule utando mgumu unaotoka mfupa wa kisigino hadi penye vidole. Mimi nasomesha skuli, nasimama kutwa juu ya saruji, na kosa langu la mwanzo lilikuwa kutafuta kiatu laini. Kiatu laini kinapendeza dukani, lakini ikifika saa saba mchana kimeshadidimia na uvungu wa mguu hauna wa kuubeba. Tafuta kiatu kinachobeba.

Cha kwanza kwangu ni raba za mtumba za kukimbilia, zile za Darajani na Mwanakwerekwe. Shika kiatu mbele na nyuma ukikunje: kikunjike penye vidole, siyo katikati. Kikisokoteka kama nguo inayokamuliwa, rudisha. Bonyeza ukuta wa kisigino kwa dole gumba. Ukiingia ndani, rudisha pia. Kisha kiweke mezani ukitazame kwa nyuma, maana hapa ndipo wengi tunapopunjika. Kikiegemea upande, aliyekivaa kabla yako kashakipinda kwa mwendo wake, na wewe kitakupinda hivyo hivyo. Vuta kidogo ukingo wa soli uone kama gundi imekauka. Mwisho hakikisha soli ya ndani inatoka, ili uweze kuweka yako.

Cha pili ni sandali yenye kitako kilichochongwa kufuata umbo la mguu, na mkanda wa nyuma. Nilikaribia kuiweka ya kwanza, kwa sababu sisi tunavua viatu mlangoni, barazani, msikitini, na raba ya kamba huishia kukanyagwa kisigino. Ikishakanyagwa, ule ukuta umekufa. Mwenye kisigino kibovu anunue na pea nyingine ya kuvaa ndani tu, maana kutembea pekupeku juu ya marumaru kunarudisha maumivu yote.

Soli za kuingiza ninaziweka ya tatu, kwa kuwa haziokoi kiatu kibovu. Za jeli hupunguza kishindo, basi. Zilizo bora zina kilima cha povu gumu chini ya uvungu na kikombe cha kisigino. Bonyeza kilima kwa nguvu: kikilala chote, usinunue. Yangu ilikuwa ndefu, nikaipeleka kwa fundi viatu. Akailaza ile kuukuu juu ya mpya, visigino vimelingana, akapiga mstari wa chaki, akakata mbele tu. Usikubali ipunguzwe nyuma, kikombe ndicho ulichokilipia. Siku ya kwanza ivae kwa muda wa saa moja au mbili tu, uongeze kidogo kidogo.

Soli za kutengenezewa kwa kipimo cha mguu wako ni ghali, na wengi wetu hatuzihitaji mwanzoni. Ila mwenye mguu uliopinda, au mwenye kisukari anayepata ganzi, aanze kwa daktari, siyo dukani. Huyo wa kisukari, tafadhali, apitishe mkono ndani ya kiatu kila kabla ya kuvaa. Kokoto asiyoihisi inaweza kumtia kidonda.

Makubadhi ni mazuri na kanzu yanaipendeza, lakini soli yake ni bapa. Ya sikukuu hayo. Kandambili ni za mwisho kabisa: vidole vinajikunja kutwa kuzing'ang'ania.

Jaribu viatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ufuate mguu ulio mkubwa, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Mlioko Pemba mnaoagizia Unguja, simameni juu ya karatasi ngumu jioni, mchorwe miguu yote miwili, mkate, mumpe anayepanda boti. Karatasi iingie ndani ya kiatu bila kukunjika pembeni. Ikikunjika, akiache kiatu huko huko.