TAHADHARI: Anayeuza "mali ya William Holden kutoka Nanyuki" ni tapeli, shikeni pesa zenu

Wadau wa sinema za zamani na nyinyi mnaokusanya vitu vya mastaa, kaeni chonjo. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya Facebook na WhatsApp anauza picha zenye saini, poster, barua na kadi, zote eti za William Holden, yule mwigizaji wa sinema wa Marekani, na hadithi yake ni kwamba zimetoka kwa mzungu mmoja mzee aliyeuza nyumba Nanyuki akarudi kwao Uingereza. Binamu yangu ameshaliwa elfu 15 ya deposit. Kilichomfikia ni picha mbili na poster moja kwenye bahasha ya kaki, nimezishika kwa mikono yangu na nimezikagua moja moja, ndio maana naandika.

Kitu kinachofanya watu waingie ni kwamba msingi wa hadithi ni kweli. Holden si staa wa kwenye runinga tu kwetu, huyu mtu mwaka 1959 yeye na wenzake Ray Ryan na Carl Hirschmann walinunua hoteli ya zamani ya Mawingo chini ya Mlima Kenya wakaifanya Mount Kenya Safari Club, ile ambayo mstari wa ikweta unapita ndani ya kiwanja chake, halafu baadaye akaingia kwenye mambo ya kutunza wanyama na mwenzake Don Hunt, bongo wa mlimani (swala adimu wa msituni) wakawa wanazalishwa pale, na Holden alipofariki mpenzi wake, mwigizaji Stefanie Powers, akaanzisha shirika kwa jina lake na kituo cha elimu ambapo wanafunzi wa huko wanapelekwa mpaka leo. Kwa hivyo ukimwambia mtu wa Nanyuki kwamba kuna mzee alikuwa mhudumu pale akapewa picha na Holden mwenyewe, ataamini, na hana kosa, vitu kama hivyo vipo kwenye masanduku ya watu. Tapeli anajua hilo vizuri kuliko sisi.

Sasa vitu vyenyewe. Picha ya kwanza ni ya Stalag 17, filamu iliyompa tuzo ya Oscar, na imeandikwa kwa mkono "Nairobi 1954" na saini chini. Saini ni ya maka nene nyeusi, ile ya Sharpie kabisa, ncha mviringo, wino umetambaa kidogo pembeni. Sharpie zimeanza kuuzwa 1964! Mastaa wa miaka ya hamsini walisaini kwa kalamu ya wino au bol pen, na kalamu ya aina hiyo inaacha alama ya kukandamiza kwenye karatasi, ukiinamisha picha kwenye mwanga wa dirisha unaiona. Hapa hakuna.

Ya pili ni ya Golden Boy ya 1939, filamu iliyomtoa akiwa kijana wa miaka 21 hivi. Hii nilienda nayo kwa jirani yangu wa duka la M-Pesa, ana ile taa ya zambarau ya kukagua noti, nikamwambia mama hebu nimulikie hii. Ikawaka bluu-nyeupe yote, kona hadi kona, mpaka akacheka. Karatasi za picha za wakati ule hazikuwa na ile dawa ya kung'arisha, iliingia kwenye karatasi za picha miaka ya hamsini, kwa hivyo picha ya 1939 haiwezi kuwaka namna hiyo. Na ukitumia kamera ya simu ukaisogeza karibu sana kwenye saini unaona vidoti, maana yake saini imechapwa pamoja na picha.

Poster ni ya The Bridge on the River Kwai, 1957. Zile halisi za Marekani za kubandika nje ya sinema zilikuwa inchi 27 kwa 41 na zilikuwa zinakunjwa kabla ya kutumwa, kwa hivyo karibu zote zina mistari ya mikunjo. Yake ni 24 kwa 36, haina hata mkunjo mmoja, inang'aa. Nakala mpya si haramu kuuza, mimi mwenyewe ninazo ukutani, lakini uza bei ya nakala bwana, si elfu 40.

Na bado. Ana barua "ya Holden" ya Januari 1982, na Holden alifariki Novemba 1981. Ana kadi ya uanachama wa klabu ya 1957, klabu yenyewe ni ya 1959. Halafu kichekesho kuliko vyote, anauza Oscar! Kwenye picha ameishika kwa vidole viwili juu juu wakati Oscar halisi ina karibu kilo nne. Isitoshe tangu 1950 mshindi anasaini kwamba yeye wala warithi wake hawataiuza bila kwanza kuwauzia Academy, wenye kutoa tuzo hiyo, kwa dola moja, na Holden alipewa yake 1954.

Namna anavyofanya kazi: ukimuomba video call network inapotea, ukimuambia mkutane mjini eti yuko safarini, ukisita kidogo anakuletea "mnunuzi wa Dubai" anayetaka kuchukua vyote leo leo. Cheti cha uhalali amekichapa mwenyewe, hakina jina la aliyekagua wala namba. Na jina linalotokea kwenye M-Pesa si lile la profaili.

Kama umeshatuma, forwadi ile meseji ya M-Pesa kwa 456 SASA HIVI kabla hajatoa, kisha nenda stesheni ya polisi uandikishe OB (kwenye kitabu chao cha matukio), usifute chat hata moja.

Profaili ya kwanza ameshaifuta tangu juzi lakini naona vitu vilevile vimerudi kwa jina la mwanamke. Mtamjua kwa kitambaa cha meza, ni plastiki ya miraba myekundu na myeupe yenye tundu la kuungua karibu na kona, kiko kwenye picha zake zote. Ukikiona piga screenshot uweke hapa chini, tuko watano tayari tunakusanya za kupeleka polisi.