Trei ya silikoni ya mafuvu kwa vitafunwa vya filamu za kutisha: uzoefu wangu

Trei ninayoizungumzia ni ya silikoni nyeusi, ina matundu 6 yenye umbo la fuvu, na kila tundu linachukua kama mililita 80. Haina jina la kampuni. Ni zile zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki na mitandaoni, ambazo kwa asili zilitengenezewa Halloween ya Wamarekani, Oktoba 31. Nimeitumia kwa mkate wa kumimina, jeli, chokoleti na piza. Kwa viwili vya kwanza naipa alama zote. Chokoleti inataka uangalifu, na piza ningeiacha kabisa.

Kabla hujalipa, ikunje kwa vidole. Silikoni ikitokeza mistari myeupe pale ulipokunja, huenda imechanganywa na vitu vingine. Inuse pia: yenye harufu kali ya plastiki usiichukue. Ukuta mwembamba ni tatizo la tatu, kwa sababu tundu hutanuka likijaa rojo, na fuvu linatoka limevimba mashavu. Halafu angalia macho. Ndani ya tundu, macho ni vinundu viwili vilivyosimama. Vikiwa vyembamba vinachana mkate unapoutoa. Vikiwa vya mviringo na vipana, mkate unaachia wenyewe.

Mkate wa kumimina ndio unaoipa trei hii thamani, hasa kwa asiye na oveni. Unatoka mweupe kama mfupa bila rangi yoyote. Loweka gramu 250 za mchele usiku kucha, mwaga maji, kisha saga kwenye blenda pamoja na mililita 200 za tui zito, sukari gramu 100, hamira kijiko kimoja cha chai, unga wa ngano kijiko kimoja cha chakula na hiliki kidogo. Saga mpaka ukisugua rojo kati ya vidole usisikie chenga. Chenga zikibaki, uso wa fuvu unakuwa na vipele. Funika liumuke dakika 45 hadi saa nzima, kulingana na joto la jikoni, halafu changanya ute wa yai moja na ukoroge kuvunja mapovu makubwa. Rojo hili linatosha kujaza trei mara mbili. La mzunguko wa pili liweke kwenye friji lisiendelee kuumuka.

Paka samli kwa brashi, nyembamba sana. Ukizidisha, samli inakusanyika kwenye pua, ambako ndiko chini kabisa, na fuvu linatoka na shimo puani. Anza na kijiko kimoja cha rojo katika kila tundu, ulisambaze kwa brashi kwenye pua na meno, ndipo ujaze hadi robo tatu. Gonga trei mezani mara chache hewa itoke. Usipofanya hivyo meno hayataonekana.

Pika kwa mvuke: sufuria pana, maji ya sentimita 3, kigoda cha chuma, juu yake sahani bapa ya bati, kisha trei. Mfuniko ufunge kwa kitambaa safi, la sivyo matone yanadondokea mkate na kitako kinakuwa chepechepe. Moto uwe wa wastani, dakika 15. Moto mkali unauinua mkate haraka, katikati panabaki uwazi, na ukiugeuza unanywea. Ukiiva, subiri dakika 10 kabla ya kuutoa. Ukiwa wa moto bado unanata, na pua itabaki kwenye trei. Achia kingo kwanza, kisha sukuma kutoka upande wa pua.

Kwa damu natumia choya, maana rangi ya chupa yenye wekundu mwingi inaacha uchungu mdomoni. Chemsha kikombe kimoja cha choya kavu kwa vikombe viwili vya maji, chuja, rudisha motoni na kikombe kimoja cha sukari mpaka rojo ligande mgongoni mwa kijiko. Usilimwage juu ya keki yenye magadi: wekundu wa choya unategemea uchachu wake, na magadi yanaugeuza kuwa kijivu au samawati. Mkate wa hamira hauna shida hiyo.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni mwanga. Sebule ikizimwa taa, ikabaki ya televisheni tu, nyekundu inaonekana nyeusi, na nyeusi haionekani kabisa. Biskuti za popo na buibui weusi zinapotea sahanini. Fuvu jeupe linaonekana hata gizani. Ndiyo maana weka nyeupe iwe msingi, na damu iwe michirizi tu.

Kwenye jeli, tumia agari badala ya jelatini. Jelatini inaanza kulegea kwenye nyuzi 30 na kitu, kwa hiyo katika sebule ya Dar isiyo na kiyoyozi meno yanayeyuka filamu ikiwa katikati. Agari inaganda kwenye nyuzi 35 hadi 40 na haiyeyuki tena mpaka ikaribie 85. Inatokana na mwani pia, kwa hiyo hakuna wasiwasi wa nguruwe, ambaye jelatini nyingi hutokana naye. Chemsha vijiko viwili vya chai vya agari ya unga kwenye mililita 250 za maji kwa dakika 3 ukikoroga, epua, kisha tia mililita 200 za tui lenye sukari. Tui liwe la moto. Likiwa baridi agari inaganda mabonge papo hapo. Limao au ukwaju usichemshe pamoja na agari, kwa sababu uchachu unaidhoofisha. Tia baada ya kuepua.

Macho ya jeli weka ubuyu mwekundu, mbegu moja kila shimo. Uweke dakika za mwisho, maana rangi yake inachuruzika kwenye unyevu. Kwa watoto wadogo weka zabibu kavu zilizokatwa. Mbegu ya ubuyu ni ngumu na inaweza kuwakaba. Bisi nazo si za watoto wa chini ya miaka minne.

Chokoleti nyeupe: trei iwe kavu kabisa, tone moja la maji linaifanya igande madonge. Rangi iwe ya mafuta, kwa sababu rangi ya maji inaleta balaa hilohilo. Igandishe kwenye friji, si friza, maana ikitoka friza kwenye joto inatoka jasho.

Piza inaacha harufu ya kitunguu saumu ndani ya silikoni, na mkate wa baadaye utaibeba. Ukiitaka lazima, nunua trei ya pili.

Kuosha ni maji ya moto na sabuni, kwa sifongo laini, na brashi ndogo kwa ajili ya meno. Utando wa mafuta ukibaki, chemsha trei dakika 10. Ihifadhi ikiwa imelala bapa bila kitu juu yake. Ikikunjwa kabatini, pua zinabaki zimepinda.