Uzoefu wangu na helm status: amri ninayoiamini, na pale inapohitaji mwenzake

Kazi yangu ni kupandisha matoleo ya programu kwenye Kubernetes, mfumo unaoendesha programu juu ya kundi la kompyuta (klasta), na amri inayonitoka vidoleni kuliko zote ni `helm status`, ya Helm, zana ya kusakinisha na kupandisha programu humo. Dashibodi zenye rangi na michoro nimezitumia, lakini bado narudi kwenye terminali, kwa kuwa swali langu huwa moja tu: toleo limefika au halijafika?

Ukiandika `helm status duka -n malipo`, jibu linakuja papo hapo: jina la toleo, lini lilipandishwa mara ya mwisho, nemspesi (sehemu ya klasta ambamo toleo linakaa), hali yake na namba ya marekebisho. Chini yanafuata maelezo ya aliyetengeneza chati, yaani kifurushi ambacho Helm husakinisha. Wengi huyaruka. Mimi huyasoma, maana chati iliyoandikwa vizuri inakueleza humo humo namna ya kuifikia huduma au kupata nywila ya kwanza.

Tangu Helm 3 ilipotoka Novemba 2019, Tiller, seva ya Helm iliyokuwa ikikaa ndani ya klasta, iliondolewa. Rekodi za toleo sasa zinakaa kama Secret (kitu cha Kubernetes cha kuhifadhi data za siri) ndani ya nemspesi ya toleo lenyewe. Ndiyo maana ukisahau `-n`, inayotaja nemspesi, unaweza kuambiwa toleo halipo wakati lipo, na asiye na ruhusa ya kusoma Secret hapati kitu. Huo mpangilio naupenda sana: anayeulizia hali ya toleo anabanwa na ruhusa zile zile za klasta.

Sasa neno `deployed`. Anayeanza na alielewe vizuri hili. Linahusu rekodi ya Helm, yaani Kubernetes imeyapokea maelezo iliyotumiwa. Kama hukuweka `--wait` (subiri hadi kila kitu kiwe tayari) wakati wa kupandisha, halikuhakikishii kwamba podi, yaani vitengo vinavyoendesha programu, zimeamka. Nimewahi kufungua madirisha mawili kando kwa kando: hili linasema `deployed`, lile la `kubectl get pods` linaonyesha `0/1` na `ImagePullBackOff`, yaani imeji (kifurushi cha programu ambacho podi huendesha) imeshindwa kupakuliwa, kisa herufi moja imekosewa kwenye jina lake. Yote mawili yalikuwa yanasema kweli, kila moja kwa upande wake.

Kwa hiyo siitumii peke yake. Naifuatishia `kubectl rollout status deployment/duka`, ambayo inakaa pale ikikuhesabia nakala mpya moja baada ya nyingine hadi zikamilike. Mambo yakikwama bila kusonga kwa sekunde 600, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha Deployment (kitu cha Kubernetes kinachosimamia podi za programu), inakatisha na kurudisha msimbo wa kosa. Hapo skripti yako inajua la kufanya. `helm status` haifanyi hivyo: hata toleo likiwa `failed`, amri yenyewe inamalizika salama kwa msimbo sifuri, yaani wa mafanikio, kwa kuwa kazi uliyoipa ni kusoma rekodi na imeisoma. Kwenye skripti tumia `-o json` kisha uchomoe `.info.status`.

Inaponifaa zaidi ni pale mtandao unapokatika katikati ya kupandisha. Toleo linabaki `pending-upgrade`, yaani upandishaji haujakamilika, na kila ukijaribu tena unakataliwa kwamba kuna shughuli nyingine inaendelea. Kwenye Helm 3, `helm list` ya kawaida haikuonyeshi toleo la namna hiyo mpaka uongeze `-a`, na mtu anaweza kudhani limefutwa. `helm status` inakutajia hali hiyo waziwazi.

Ukishajua hivyo, `helm history` inakupa namba ya marekebisho ya mwisho yaliyokuwa mazima, na `helm rollback` inakurudisha huko. Usishtuke ukiona namba inapanda badala ya kushuka: ukitoka 9 kurudi 7, `helm status` itasoma 10, kwa kuwa kurudi nako huandikwa kama marekebisho mapya. Na usikawie mno, kwa sababu `helm upgrade` kwa kawaida hutunza marekebisho 10 tu; ya zamani zaidi hufutwa, na huko hakurudiki tena kwa amri hiyo.