Visanduku au herufi?

"Atupele ana ndizi mara tatu ya za Ambakisye. Zote pamoja ni 48. Kila mmoja ana ngapi?" Liweke fumbo hili mbele ya watoto wa darasa la tano pale Tukuyu, na wengi watagawa 48 kwa 3 papo hapo, wapate 16. Wamesikia "tatu", basi.

Kwa visanduku, kosa hilo halidumu. Mtoto anachora kisanduku kimoja cha Ambakisye, chini yake vitatu vya Atupele, kisha anahesabu kwa kidole: vinne. 48 kwa 4 ni 12, za Ambakisye; za Atupele ni 36. Anaona mwenyewe kwamba alimsahau Ambakisye. Singapore walianza kufundisha hivi miaka ya 1980. Kwetu kijiti na udongo wa uwanjani vinatosha.

Kwa herufi, ndizi za Ambakisye tukiziita x, ni x + 3x = 48. Fupi, ila mtoto aliyezoea alama ya kuzidisha huuliza, "Mwalimu, hapa tunazidisha na nini?" Swali la haki kabisa. Ndiyo maana mimi huanza na n.

Lakini visanduku navyo vina kikomo. Namba fulani mara 5, toa 7, ni sawa na namba hiyohiyo mara 3, jumlisha 9. Jaribu kuichora hiyo uone vurugu! Mlinganyo unaifikia 8 kwa mistari mitatu.

Nabaki na visanduku mpaka mtoto aanze kulalamika kwamba kuchora kunamchelewesha. Hapo namwandikia n ndani ya kisanduku.