Xishuangbanna au Dehong: uwaone Wadai wapi?

Wadai, kabila la Yunnan, jimbo la kusini magharibi mwa China, wamejaa zaidi katika wilaya mbili, Xishuangbanna na Dehong, na si ndugu wa kufanana kwa kila kitu.

Xishuangbanna ndiyo yenye jina. Mji wake mkuu, Jinghong, uko kando ya mto Lancang, huohuo unaoitwa Mekong ukishavuka mpaka. Hapa ndipo penye nyumba za juu ya nguzo: watu wanaishi ghorofani, na chini, kwa desturi, palikaa mifugo, kuni na kinu cha mpunga. Siku hizi nguzo nyingi ni za saruji na chini pameegeshwa pikipiki, lakini umbo ni lilelile. Stupa (mnara mtakatifu wa Kibuddha) nyeupe ya Manfeilong, mnara mmoja mkubwa uliozungukwa na midogo minane, ilijengwa mwaka 1204. Tangu Desemba 2021 treni ya kutoka Kunming, mji mkuu wa Yunnan, hadi Vientiane, Laos, hupita huku, na watalii nao wamefurika. Sikukuu ya kumwagiana maji, katikati ya Aprili, ina shamrashamra kupita kiasi kwa ladha yangu.

Dehong imepakana na Myanmar. Nyumba zake nyingi za jadi zimejengwa chini, za matofali ya udongo, na herufi za Wadai wa huko ni tofauti na zile za Jinghong. Ngoma ya tausi ya Ruili, mji wa Dehong, inasifika China nzima.

Dini ni moja kote kuwili, Ubuddha wa madhehebu ya Theravada. Kwa nyumba na mahekalu, nenda Xishuangbanna. Kwa ngoma, mimi nachagua Ruili.