Tembo wakija: ununue nini kwanza kabla mahindi hayajakomaa

Hela ya ufuta ikiingia watu tunakimbilia mabati na pikipiki, alafu mwezi wa tatu tembo wakishuka tunabaki tunapiga madebe usiku kucha na asubuhi ekari mbili hazipo. Mimi nalima huku Nachingwea upande wa Kilimarondo, tumepakana na pori, na kila msimu nimenunua kitu cha kufukuzia tembo, vingine vimenisaidia kweli na vingine hela imepotea tu. Kwahiyo naandika kwa mpangilio wa kipi utoe hela yako kwanza kama unayo kidogo, maana wengi tunayo kidogo.

Namba moja ni TOCHI, na sitanii. Watu wanaanza na vitu vya kelele sababu ndio bei rahisi ila jamani tembo usiku hasikiki akitembea, mnyama mkubwa vile unachokuja kusikia ni bua la mahindi linavunjika, kwaa, kimya, kwaa, na tumbo linanguruma, ukisikia hivyo ujue yuko karibu sana. Msimu mmoja mpwa wangu alikuwa dunguni, kile kibanda cha kulindia shamba, akaita "mjomba, kuna kitu!", nikawasha tochi yangu ikatoa mwanga mwekundu kama kibatari, betri imekufa, na ule mwanga hafifu ndio ukanionesha masikio hatua kama ishirini tu kutoka nilipo. Tulipona kwa sababu walikuwa wanakula. Tangu siku hiyo tochi siinunui kwa kuangalia boksi.

Ukifika dukani fungua tochi utoe betri uishike. Tochi nyingi nzuri za kuchaji zinatumia zile betri za 18650, nene kuliko za redio, na betri ya aina hiyo hata ile bora kabisa inaishia kwenye mAh 3,500 hivi, hicho ndio kipimo cha chaji inayobeba. Ukikuta imeandikwa 9,900 au 12,000 huo ni uongo mweupe, hakuna betri ya saizi hiyo inayobeba chaji hiyo. Nzima ina uzito kama gramu 45, inakaa mkononi unaisikia, feki ni nyepesi kama imejazwa pamba. Alafu mwambie muuzaji aiwashe muende nayo mahali penye giza, stoo hata chini ya kaunta, uone mwanga unakwenda mbali kama mkuki au unamwagika tu hapo hapo. Unataka wa kwenda mbali. Na iwe na ile ya kuwaka na kuzima haraka haraka, hiyo tembo haipendi kabisa, ukimlenga usoni anageuza kichwa anatafuta njia ya kuondoka. Yangu ya sasa nilitoa sh 35,000 na betri ya akiba juu yake, nikaongeza kasola kadogo ka kuchajia, na kama hela hiyo huna ungana na jirani mnunue moja ya maana kuliko kila mtu kuwa na yake ya sh 6,000.

Tembo mmulikeni akiwa bado mbali, pembeni ya shamba. Akishaingia katikati ya mahindi kumtoa ni shughuli nyingine kabisa. Na msimzunguke! Muachieni wazi ile njia aliyojia, maana tembo akikosa pa kutokea anapita juu yenu, na kama ana mtoto ndio usiongee.

Namba mbili honi. Hapa kuna vuvuzela na kuna honi ya gesi ya kopo. Ya gesi ina mlio mkali inashtua sana ila kopo linaisha na huku kwetu kulipata jingine mpaka umtume mtu mjini, vuvuzela ni kama sh 5,000 na haiishi, kinachotakiwa ni mapafu. Mimi nasema vuvuzela mbili tatu kwa shamba, mpulize kwa pamoja mkiwa mmesimama sehemu tofauti huku tochi inamulika. Kelele peke yake tembo anaizoea, wiki ya kwanza anakimbia, wiki ya tatu anasimama anasikiliza anaendelea kula, kwahiyo msipige ovyo kila usiku kujifurahisha, pigeni wakionekana.

Pilipili naiweka ya tatu na hapa najua kuna watakaokataa sababu wengine wanaiapia. Unanunua pilipili kichaa kavu, unatwanga, unachanganya na oili chafu ya gereji, unalowesha vitambaa na kamba ya katani unazungushia shamba kwenye nguzo. Inafanya kazi, pua ya tembo ni kali mno na ule muwasho unamkera, kama unalima pilipili yako mwenyewe basi gharama ni oili na kamba tu. Shida yake ni mvua. Mahindi yanakomaa mvua ikiwa bado inapiga, na kila ikinyesha kubwa lazima upake upya, sasa hesabu mara ngapi kwa mwezi wa tatu na wa nne! Kwa mihogo ya kiangazi au mikorosho wakati wa mabibo ndio inalipa kweli, maana tembo wanafuata mabibo hasa na wanavunja matawi vibaya. Na vaa glavu, funika na macho, usiku ule wa kwanza niliopaka mikono mitupu sikulala kwa kuungua. Kuna na njia ya kuchanganya pilipili na kinyesi cha tembo chenyewe unakausha unachoma kama tofali, moshi wake mkali, ila angalia upepo usije ukarudi dunguni kwenu.

Mizinga ya nyuki. Kwa kuangalia mbele miaka mingi hii ingekuwa ya kwanza ila kwa mfuko wa mtu mmoja inashuka. Tembo anaogopa nyuki, wanamuuma kuzunguka macho na ndani ya mkonga, na kule Sagalla nchini Kenya walifuatilia uzio wa mizinga kwa miaka 9 wakaona nyakati za mazao yakiwa shambani unazuia tembo mpaka asilimia 86, ingawa ukame ukija nyuki wanapungua na kinga inapungua nayo. Mizinga inatundikwa kila mita 10 na kuunganishwa kwa waya, tembo akisukuma waya, mizinga yote inatikisika. Nusu inaweza kuwa ya bandia, mbao tu za kutishia. Ekari moja ni kama mita 64 kwa 64, kuzunguka unapata nafasi 25, yaani mizinga ya kweli 12 au 13, ukiipata kwa sh 70,000 mmoja unakaribia sh 900,000 kwa ekari moja tu. Kikundi cha watu kumi mkiwa na mashamba yanayofuatana mnaweza, na asali inarudisha hela.

Taa za sola za kumetameta ni nyongeza tu, usizitegemee. Mabomu baridi, yale ya kutishia wanyama kwa kishindo, usinunue mtaani, hayo waachieni VGS, yaani askari wa wanyamapori wa kijiji, na askari wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, wanaojua kuyatumia, wapigieni mapema jioni mkiona nyayo. Gobole ndio kabisa, ni kosa la jinai na tembo aliyejeruhiwa atamuua mtu ambaye hata hajui mlichofanya.

Na jamani dungu. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 563 Tanzania, wengi huku kusini, na sana sana miezi ya mavuno Machi mpaka Mei, watu wakiwa wamelala mashambani wanalinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Wazee wetu wanaikumbuka hiyo miaka vizuri. Kwahiyo kabla ya vuvuzela ya pili nunua misumari na mbao, dungu liwe juu, lizibwe pande zote, liwe na mlango unaofungwa kwa ndani, na mtoto asitumwe kushuka usiku hata kwa haja ndogo, wekeni ndoo.

Mkinunua tochi nunueni Januari. Mwezi wa tatu zile nzuri zinakuwa zimeisha zimebaki za mAh 9,900.