Dizeli yenye mbio kwa safari ndefu: tunayapanga magari matano

Anza na hesabu kabla ya kuangalia picha. Gari la petroli la lita 2 linalokwenda kilomita 12 kwa lita litameza lita 2,500 ukiendesha kilomita 30,000 kwa mwaka. Dizeli inayolizidi nguvu, ikienda kilomita 17 kwa lita, itameza kama lita 1,765. Umeokoa lita 735, na mwaka ujao utaokoa nyingine. Lakini kwa anayeendesha kilomita 10,000 tu kwa mwaka, akiba yenyewe ni lita 245, na nozeli moja (kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda) ikifa imeondoka na akiba ya mwaka mzima. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu wa kilomita 25,000 kwenda juu: wa Nairobi–Mombasa kila wiki mbili, wa Dar–Dodoma kikazi, au anayelala Thika na kufanya kazi Nakuru.

Aina ya safari ina uzito kuliko hata idadi ya kilomita. Dizeli zote tunazozitaja hapa zina DPF, yaani kichujio cha masizi kilichofungwa kwenye ekzosi. Kikijaa, kompyuta huongeza dizeli ndani ya silinda ili joto la ekzosi lipande hadi karibu nyuzi 600 na masizi yaungue. Kazi hiyo huchukua dakika 10 hadi 20 gari likiwa mwendoni. Ukizima injini katikati, na kesho ukazima tena, masizi hubaki na ile dizeli ya ziada hushuka kwenye oili. Gari la kupeleka watoto shule kilomita 4 na kurudi litaua DPF hata kama limetoka kiwandani jana. Likipigishwa barabara ya Mombasa mara kwa mara, DPF hiyohiyo hufika mbali bila kuguswa.

Tumeyapanga kwa vigezo vinne: nguvu ya kuvuta unapolipita lori mlimani, ulaji halisi wa barabara kuu, vipuri na mafundi wanaopatikana huku kwetu, na gharama ya kile kinachojulikana kuharibika. Kigezo cha mwisho ndicho kilichoamua nafasi nyingi.

1. Mazda Atenza XD, lita 2.2 (nje ya Japani huitwa Mazda6)

Injini ya SkyActiv-D 2.2 ilitoka mwaka 2012 ikiwa na tabo (turbo, feni ya kusukuma hewa ndani ya injini) mbili, ndogo na kubwa, zinazopokezana. Nguvu zake ni 175 za farasi na mvuto ni Nm 420 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuvuta); toleo la kuanzia 2018 lina nguvu 190 na Nm 450. Kwa gari la bei hii huo ni mvuto mwingi sana. Ukiwa kilomita 80 kwa saa nyuma ya trela, unakanyaga na kulipita bila kusubiri gia ishuke mara mbili. Gia zake 6 za otomatiki ni za aina ya kawaida yenye konveta, ambayo fundi mzuri wa mtaani anaielewa, na Japani waliuza pia toleo la gia za mkono. Lenye magurudumu mawili ya kusukuma lina tangi la lita 62. Ukilitunza litatoa kilomita 16 hadi 18 kwa lita barabara kuu, maana yake Nairobi–Mombasa na kurudi kwa tangi moja.

Sasa ubaya wake, na hapa soma taratibu, kwa sababu Atenza nyingi zilizoegeshwa gereji zimeuawa na kitu kidogo. Chini ya kila nozeli kuna washa (ringi ndogo ya kuziba) ya shaba. Washa hiyo ikianza kuvuja, moshi wa silinda hupanda kandokando ya nozeli na kuingia kwenye oili. Oili huwa nzito kama lami, chembe zake huziba chujio la waya lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu hushindwa kuvuta, na wa kwanza kufa kwa kiu ni tabo. Beringi za injini hufuata. Mwenye gari huambiwa "tabo imekufa", ananunua nyingine, na baada ya miezi michache hiyo nayo inakufa, maana chujio la sampu halikufunguliwa. Ukisikia sauti ya chaf-chaf asubuhi injini ikiwa baridi, au harufu ya moshi ndani ya gari, au ukiona uchafu mweusi umeganda kuzunguka nozeli, kagua washa hizo mara moja. Washa nne mpya na boliti zake ni pesa ndogo. Fundi asafishe vizuri mahali nozeli zinapokaa kabla ya kufunga, la sivyo zitavuja tena.

La pili ni masizi kwenye njia ya hewa. Moshi unaorudishwa na vali ya EGR hukutana na mvuke wa oili na kujenga ukoko ndani ya manifoldi. Gari hupoteza pumzi polepole kiasi kwamba mwenyewe hajui. Kati ya kilomita 100,000 na 150,000 panga kufungua manifoldi na kuisafisha; dawa za kupuliza bila kufungua hazifiki kwenye ukoko wenyewe.

La tatu ni oili inayoongezeka. Kijiti cha oili cha injini hii kina alama ya X juu ya ile ya kujaa. Oili ikifika X, badilisha siku hiyohiyo: hapo umechanganya oili na dizeli, na mchanganyiko huo hauilindi cheni wala kamshafti.

Chagua lenye rimu za inchi 17 (tairi 225/55R17) badala ya inchi 19 (225/45R19). Rimu 19 zinapendeza kwenye picha, lakini shimo moja la barabara hupasua tairi na kupinda rimu kwa pigo moja.

2. BMW 320d (F30) yenye injini ya B47

Kwa raha ya usukani peke yake, hili lingekuwa la kwanza. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma, lina gia 8 za ZF zinazobadilika bila kukawia, nguvu 190 na Nm 400, na mwendo wa kutulia hulipa kilomita 17 hadi 19 kwa lita. Hakuna jingine kwenye orodha hii linalokaa kwenye kona za Mai Mahiu kwa utulivu wa namna hiyo.

Kwanza hakikisha injini. 320d za mwanzo za umbo hili la F30 zilikuja na injini ya N47, na B47 ilishika nafasi yake 2015. Tofauti hiyo ni kubwa. Cheni ya taimingi ya N47 iko nyuma ya injini, upande wa gia, na ilikuwa na tabia ya kuchakaa mapema; kuibadilisha lazima injini au giaboksi ishuke. Cheni ya B47 nayo iko nyuma, ila imeimarishwa. Ukiuziwa 320d ya 2013 kwa bei ya kutupa, na injini inakwaruza ikiwa baridi, bei hiyo ndiyo maelezo yenyewe.

B47 ina tatizo lake. Mwaka 2018 BMW iliita magari mengi ya dizeli yarudishwe kurekebishwa katika nchi mbalimbali kwa sababu kipoza cha EGR kilikuwa kikivuja maji ya rejeta ndani, yakichanganyika na masizi ya moto na kuweza kuwasha manifoldi ya plastiki. Dalili ni maji yanayopungua bila tone kuonekana chini. Peleka namba ya chesesi kwa wakala ujue kama kazi hiyo ilifanyika.

Huku kwetu ongeza haya: gari liko chini, na lenye kifurushi cha M Sport liko chini zaidi, hivyo matuta hulikwangua, na mengi huja na tairi za runflat (zinazoendelea kutembea kidogo hata zikiishiwa upepo) bila tairi ya akiba. Kwa safari za Voi au Singida usiku, tafuta tairi ya akiba na jeki, hata kama zitakula nusu ya buti. Oili ya gia huitwa ya maisha yote, lakini ZF wenyewe hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, pamoja na sampu yake ya plastiki ambayo imebeba filta ndani.

3. Mazda Axela XD, au Mazda3 mpya yenye 1.8

Kuna Axela mbili tofauti kabisa zenye beji moja ya XD, yaani ya dizeli. Ya 2.2 ina injini ileile ya Atenza ndani ya gari jepesi: ni kombora, na ni adimu. Ya 1.5, iliyoanza kuuzwa Japani 2016, ina nguvu 105 na Nm 270. Inatosha, na hula kidogo kuliko zote hapa, lakini mtu akikuuzia kwa sifa ya mbio muulize ujazo wa injini kwanza. Kizazi cha 2019 kina 1.8 ya nguvu 116. Injini hizi ndogo hushika masizi haraka zaidi, kwa hiyo zinahitaji barabara ndefu hata kuliko 2.2. Demio ya dizeli ina 1.5 hiyohiyo, kwa mtu mmoja na begi lake ni chaguo la busara.

4. Volkswagen Golf GTD (Mk7)

Nguvu 184, Nm 380, na buti la kutosha familia. Mengi hutoka Uingereza. Injini yake ya EA288 inatumia belti ya taimingi, na ukiibadilisha badilisha na pampu ya maji, maana pampu hizo hujulikana kukwama na kuchemsha injini. Giaboksi ya DSG (otomatiki ya klachi mbili) ya klachi zinazolowa oili hutaka oili na filta kila kilomita 60,000. Kama muuzaji hana risiti ya kazi hiyo, toa gharama yake kwenye bei. Gari lenyewe ni zuri sana. Limeshuka hadi nafasi ya nne kwa sababu likileta shida ya DSG mbali na Nairobi au Dar, fundi wa kuisoma ni wachache.

5. Mercedes-Benz C220d (W205)

Ni la starehe zaidi kuliko la mbio. Toleo la 2018 kuendelea lenye injini ya OM654 (nguvu 194, Nm 400) ndilo la kutafuta. Linatumia AdBlue, maji maalumu ya kusafisha moshi wa ekzosi; sensa zake zikilalamika, dashibodi huanza kuhesabu kilomita zilizobaki, na zikiisha gari halitawaka tena ukilizima. Jua utakakonunua AdBlue kabla ya kununua gari. Epuka lenye springi za hewa.

Siku ya kulikagua

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini, ikiwa ya moto, ahirisha. Chomoa kijiti cha oili uone kiwango na unuse kama kuna dizeli. Washa, na usikilize sekunde 10 za kwanza: mkwaruzo unaoisha ni cheni au oili iliyochelewa kufika. Kisha pima kwa mashine, na usiridhike na "hakuna kodi" (namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta), kwa sababu kodi hufutwa kwa dakika moja. Dai namba hizi: kiasi cha masizi kwenye DPF, kilomita tangu mara ya mwisho ilipojichoma (ilipounguza masizi), na marekebisho ya kila nozeli. Gari linalojichoma kila kilomita 80 linaficha jambo. Kati ya 200 na 400 ni hali nzuri. Nozeli moja inayotofautiana sana na wenzake inakaribia mwisho.

Ingiza kidole ndani ya bomba la ekzosi. DPF nzima huacha bomba karibu safi. Kidole kikitoka cheusi, DPF imepasuka au imetobolewa. Usilinunue gari lililotolewa DPF kwa ahadi kwamba "sasa linapumua".

Kwa gari la mnada wa Japani, omba karatasi ya mnada yenyewe. Daraja 4 au 4.5 linatosha, R au RA maana yake lilishagongwa na kutengenezwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania huruhusu, lakini ushuru wa uchakavu unaweza kumeza nafuu yote uliyoiona kwenye bei.

Oili na dizeli

Badilisha oili kila kilomita 7,500 kama safari zako ni ndefu, 5,000 kama unachanganya na foleni. Achana na ratiba za Ulaya za kilomita 30,000. Kwa Mazda tumia 5W-30 ya ACEA C3, au DL-1 (viwango vya oili yenye majivu machache). Kwa BMW, yenye idhini ya Longlife-04. Oili ya malori ya 15W-40 ina majivu mengi, na majivu hayaungui kama masizi: hukaa ndani ya DPF mpaka itolewe.

Filta ya dizeli, kila kilomita 20,000. Injini hizi zilizaliwa kwa dizeli ya salfa 10 ppm (sehemu kwa milioni), na kiwango cha Afrika Mashariki kilichowekwa 2015 ni 50, ambacho zinakivumilia. Zisichovumilia ni mafuta ya taa. Mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa yakichanganywa kwenye dizeli. Mafuta ya taa hayalainishi pampu ya presha. Pampu hujisaga, na vumbi la chuma huingia kwenye nozeli zote nne kwa pamoja. Jaza kwenye vituo vinavyouza sana, weka risiti, na usiguse dizeli ya madumu inayouzwa kando ya barabara kuu, hata iwe nusu bei.